Wavu na Kishikio: Usalama wa Kazi za Juu kwenye Majukwaa ya Ujenzi nchini Marekani, 1933–1978

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha leo neno jukwaa humpeleka msomaji kwanza kwenye tamthilia, kisha kwenye siasa. Fundi ujenzi ana maana yake nyingine: ule mpangilio wa miti, mabomba na mbao anaoupanda ili afikie sehemu ya jengo ambayo mikono yake haiifikii akiwa chini. Makala haya yanalitumia neno hilo kwa maana ya fundi. Yanahusisha jukwaa linalosimama ardhini kwa miguu yake na lile linaloning'inia au kushikizwa kwenye jengo lenyewe wakati jengo hilo bado linajengwa. Tofauti baina ya aina hizi mbili ina uzito katika mjadala unaofuata. Jukwaa la aina ya pili halina ardhi ya kuliegemeza. Uhai wa aliye juu yake hutegemea kishikio, na kishikio hicho mara nyingi hufungwa kwenye kitu ambacho nacho hakijakamilika.

Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya usalama wa kazi za juu imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya mwili wa mfanyakazi: ujasiri wake, nidhamu yake, kofia yake, mkanda wake, na wavu wa kumdaka akianguka. Maswali juu ya kile kilichomshika, yaani nani alikipima, lini, na kwa uzito gani, yamebaki pembeni. Hoja hiyo inajadiliwa kwa kutumia matukio mawili ya Marekani: kuanguka kwa jukwaa katika daraja la Golden Gate tarehe 17 Februari 1937, na kuanguka kwa jukwaa la mnara wa Willow Island tarehe 27 Aprili 1978. Marekani imechaguliwa kwa sababu kumbukumbu zake juu ya matukio haya ni nyingi, na pia kwa sababu ndiko zilikotoka picha zilizoifundisha dunia namna ya kumtazama mtu anayefanya kazi juu. Kwa msomaji wa Tanzania, anayefahamu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 na Sheria ya Viwanda ya kikoloni ya mwaka 1950 iliyoitangulia, mjadala huu si wa mbali. Kila mtu anapoanguka kutoka kwenye jengo, swali la kwanza mitaani huwa ni kama alivaa kofia.

2.0 Sifa ya Kutoogopa

Tarehe 20 Septemba 1932, wanaume 11 walipigwa picha mjini New York wakiwa wameketi juu ya boriti ya chuma, miguu ikining'inia, wakila chakula cha mchana. Picha hiyo ilipangwa ili kulitangaza jengo lililokuwa likijengwa. Tangu hapo imeenea kiasi kwamba katika maandishi mengi hutumiwa kana kwamba ni ushahidi wa namna kazi ilivyofanywa. Kwa mtafiti wa usalama, ni ushahidi wa jambo jingine. Inaonesha kwamba katika miaka hiyo ukosefu wa kinga uliweza kuuzwa kama fahari, na fahari hiyo akavishwa mfanyakazi mwenyewe.

Sifa hiyo ilikuwa na historia ndefu zaidi. Wanaume wa jamii ya Mohawk kutoka Kahnawake, karibu na Montreal, walianza kuajiriwa katika ujenzi wa madaraja ya chuma mwaka 1886, na baada ya muda ikasemwa kwamba watu hao kwa asili yao hawana woga wa kimo. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec lilianguka likiwa katika ujenzi na kuua watu 75, kati yao 33 wakiwa wa Kahnawake. Uchunguzi ulibainisha kwamba urefu wa daraja ulikuwa umeongezwa bila uzito wake kukokotolewa upya ipasavyo. Chuma kilibebeshwa mzigo usiokuwamo katika hesabu. Ujasiri wa waliokuwa juu yake haukuwa na nafasi yoyote katika tukio hilo, kama ambavyo woga usingekuwa nayo. Hata hivyo, simulizi ya watu wasioogopa iliendelea kukua baada ya 1907, na imekumbukwa kuliko hesabu iliyokosewa.

Jambo hili linastahili kutajwa mapema, kwa sababu mhandisi anayefuata alianza kwa kuikataa sifa hiyo.

3.0 Golden Gate na Hesabu ya Vifo

Ujenzi wa daraja la Golden Gate, San Francisco, ulianza tarehe 5 Januari 1933. Ulikuwa mwaka mbaya wa Mdororo Mkuu wa uchumi, ambapo karibu robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira. Daraja liligharimiwa kwa hatifungani za dola milioni 35. Minara yake miwili ingefikia mita 227 juu ya maji, umbali baina ya minara mita 1,280, na njia ya magari ingepita takribani mita 67 juu ya mkondo wenye ukungu, upepo na maji ya baridi kali. Wahandisi wa wakati huo walikuwa na kanuni yao isiyo rasmi ya kukadiria vifo: mtu mmoja kwa kila dola milioni moja ya gharama. Kwa kanuni hiyo, daraja hili lilitarajiwa kuua watu 35.

Kanuni hiyo inahitaji kutazamwa kwa makini, maana inaeleza mengi juu ya fikra za zama zile. Kifo kiliwekwa katika fungu moja na saruji na chuma, kama kitu kinachotumika kwa kadiri kazi inavyoendelea. Hakikuhitaji kuelezwa, kilihitaji kukadiriwa. Hata idadi halisi haikuwa ikitunzwa kwa uangalifu. Daraja la Forth huko Uskoti, lililojengwa kati ya 1882 na 1890, kwa muda mrefu liliandikwa kuwa liliua watu 57, na utafiti wa baadaye ukapandisha idadi hiyo hadi 73. Wajenzi wa Forth waliweka mashua chini ya kazi, na mashua hizo ziliokoa watu wasiopungua 8 kutoka majini. Mashua na wavu ni ndugu katika fikra: vyote viwili vinamngoja mtu aliyekwisha kuanguka.

Mhandisi mkuu wa Golden Gate, Joseph Strauss, hakuikubali kanuni ya mtu mmoja kwa milioni moja. Aliagiza kila mfanyakazi avae kofia ngumu, ambayo ilitengenezwa na kampuni ya Bullard ya San Francisco kwa kurekebisha kofia za wachimba migodi. Wafanyakazi walipewa miwani ya kupunguza mng'ao wa jua juu ya ukungu, mafuta ya kulinda ngozi dhidi ya upepo, na chakula kilichodhaniwa kuzuia kizunguzungu. Walitakiwa kujifunga kamba. Aliyefanya mizaha ya kujionesha juu ya chuma alifukuzwa kazi, na katika mwaka ambao wanaume walingoja nje ya eneo la ujenzi wakitumaini nafasi itapatikana, tishio hilo halikuwa la maneno matupu. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba ukali huu ulikuwa na sura mbili. Ulimkinga mfanyakazi dhidi ya ile sifa ya kutoogopa, lakini pia ulihamishia usalama wote kwenye mwenendo wake.

Kisha ukaja wavu. Njia ya daraja ilipoanza kuunganishwa mwaka 1936, wavu wa kamba za manila ulitandazwa chini yake, ukizidi upana wa chuma kwa takribani mita 3 kila upande, na ukisogezwa mbele kadiri kazi ilivyosonga. Uligharimu takribani dola 130,000, yaani chini ya nusu ya asilimia moja ya zile milioni 35. Watu 19 waliangukia humo wakapona, na wakajiita wanachama wa Klabu ya Nusu Njia ya Jehanamu.

Maandishi mengi huishia hapa kwa kuusifu wavu, na sifa hiyo unastahili. Hata hivyo, mfuatano wa tarehe unatulazimisha kusema mambo mawili. La kwanza ni kwamba kifo cha kwanza katika ujenzi huo kilitokea tarehe 21 Oktoba 1936, baada ya zaidi ya miaka 3 na miezi 9 ya kazi, na marehemu alipondwa na mtambo wa kunyanyulia mizigo, hakuanguka. Sehemu kubwa ya kipindi hicho kisicho na kifo, ikiwemo kazi yote ya minara, ilipita kabla wavu haujatandazwa. Wavu hauwezi kupewa sifa ya miaka ambayo haukuwapo. Miaka hiyo inaelekeza kwenye mambo yasiyo na mvuto wa kusimuliwa: kofia, kamba, usimamizi, na pengine bahati.

La pili linahusu zile roho 19. Kila aliyeokolewa alikuwa kwanza ameanguka. Katika kipindi kisichofika mwaka mmoja, kwenye kazi iliyosimamiwa kwa nidhamu kuliko kazi nyingine za wakati wake, watu 19 walitoka mahali pao wakaenda chini. Katika madaraja yasiyo na wavu tunawafahamu waliokufa pekee, nao huandikwa kama waliokosa uangalifu. Wavu wa Golden Gate, pasipo kukusudiwa, umetuhifadhia hesabu ya mianguko iliyo ya kawaida katika kazi ya juu. Mtu mwangalifu, aliyefunzwa, anayetishiwa kufukuzwa akifanya mzaha, bado huanguka.

4.0 Asubuhi ya Tarehe 17 Februari 1937

Kufikia Februari 1937 chuma kilikuwa kimeungana na zege la njia ya magari lilikuwa likimwagwa. Zege bichi hubebwa na kalibu za mbao mpaka ligande. Likishaganda, mbao hizo hubanduliwa kutoka upande wa chini. Kazi ya kubandua ilifanyika juu ya jukwaa lililoning'inia chini ya njia, lenye urefu wa takribani mita 18 na uzito wa tani 5 hivi, likitembea kwa magurudumu yaliyoshika kingo za boriti za daraja. Hili halikuwa jukwaa la kusimama ardhini. Lilikuwa kama behewa lililogeuzwa, likipita chini ya reli.

Asubuhi hiyo kishikio kiliachia. Kishikio kimoja kinapoachia, mzigo wake huhamia kwenye vilivyosalia papo hapo, navyo huwa havikupimwa kwa mzigo huo. Jukwaa liliinama, likaning'inia kwa muda mfupi, likaangukia wavuni. Wavu ulikuwa umetengenezwa kumdaka mtu mmoja mmoja. Jukwaa lilikuwa na uzito wa watu 60 au zaidi kwa pamoja, bila kuhesabu mwendo wa kuanguka. Uling'oka kutoka kwenye mihimili yake kwa mfululizo, ukashuka majini pamoja na jukwaa, mbao na watu. Mtu mmoja aliwahi kushika boriti na akaokolewa akiwa ananing'inia. Wengine 12 walianguka kutoka kimo cha mita 67. Wawili walitolewa majini wakiwa hai. Kumi walikufa.

Wavu, uliokuwa kinga, uligeuka kuwa mtego, maana walioanguka walinaswa ndani ya kamba na mabaki. Lakini itakuwa kosa kuulaumu. Wavu ulifanya ulichotengenezewa kufanya, na uzito wa tani 5 haukuwa sehemu ya kazi yake. Swali ambalo mashahidi wa tukio hili wanatuachia linahusu vishikio vya magurudumu. Boriti zilipimwa na wabunifu waliobobea. Kebo kuu zilipimwa. Wavu ulipimwa. Lakini jukwaa la kubandulia mbao lilikuwa chombo cha muda, cha kutumika kwa wiki chache kisha kuvunjwavunjwa, na chombo cha muda huwa nje ya michoro ya daraja. Kilikuwa cha mkandarasi, si cha mbunifu. Hapo ndipo watu 10 walipotoka mikononi mwa uhandisi wenye kumbukumbu na kuingia katika uhandisi usio nazo.

Daraja lilifunguliwa kwa waendao kwa miguu tarehe 27 Mei 1937. Jumla ya waliokufa ni 11. Idadi hiyo, ikilinganishwa na 35 waliotarajiwa, bado hutajwa kama mafanikio, na kwa kipimo cha wakati wake ilikuwa hivyo.

5.0 Kutoka Geneva hadi Willow Island

Tarehe 23 Juni 1937, miezi minne baada ya tukio hilo, Mkutano wa Kimataifa wa Kazi uliokutana Geneva ulipitisha Mkataba Na. 62 kuhusu usalama katika ujenzi wa majengo. Haidaiwi hapa kwamba mkataba huo ulitokana na tukio la San Francisco. Kinachovutia ni mpangilio wa fikra zake. Uliagiza kwamba jukwaa la ujenzi lisijengwe, lisibomolewe wala kubadilishwa kwa kiasi kikubwa isipokuwa chini ya usimamizi wa mtu mwenye ujuzi na mwenye kuwajibika, na kwa kadiri iwezekanavyo lijengwe na mafundi wenye uzoefu wa kazi hiyo. Mtu mwenye ujuzi na mwenye kuwajibika ni mtu mmoja katika sentensi hiyo. Mkataba huo ulifuatiwa na Mkataba Na. 167 wa mwaka 1988.

Marekani kwa upande wake ilipata sheria ya taifa ya usalama kazini tarehe 29 Desemba 1970, na mamlaka ya kuisimamia ilianza kazi Aprili 1971. Miaka saba baadaye, pale Willow Island katika jimbo la West Virginia, kandokando ya mto Ohio, ilikuwa ikijengwa minara miwili ya kupozea maji ya kituo cha umeme. Katika ujenzi wa namna hii jukwaa la kusimama ardhini ni ghali na hula muda, kwa kuwa mnara una zaidi ya mita 100. Mkandarasi alitumia jukwaa lililofungwa kwa bolti kwenye ganda la mnara na kupanda pamoja nalo. Kila siku duara moja la zege lenye kimo cha takribani mita 1.5 lilimwagwa, kesho yake jukwaa liliinuliwa na kufungwa kwenye duara hilo jipya, ili duara linalofuata limwagwe.

Maelezo haya yakisomwa polepole, hatari yake inaonekana bila hesabu yoyote. Wafanyakazi, mbao, mitambo ya kuvutia zege na ndoo zake vilibebwa na zege la jana. Mnara ulikuwa jengo na pia nguzo ya jukwaa, na sehemu yake iliyobeba mzigo mkubwa ndiyo iliyokuwa changa kuliko zote.

Tarehe 27 Aprili 1978, mnara wa pili ukiwa umefikia takribani mita 50, duara la 28 lilikuwa limemwagwa siku iliyotangulia. Usiku ulikuwa wa baridi, na zege katika baridi hukomaa polepole. Asubuhi, karibu saa nne, ndoo ya tatu ya zege ilikuwa ikivutwa juu. Kebo yake ikalegea, mtambo wa juu ukaanza kuinamia ndani, na zege la duara la 28 likaanza kubanduka, likizunguka mdomo wa mnara kwa pande zote mbili na kulivuta jukwaa pamoja nalo. Watu wote 51 waliokuwa juu yake walikufa. Wengi walitoka katika jamii za jirani, na wengine walikuwa ndugu wa familia moja. Linahesabiwa kuwa tukio baya kuliko yote katika historia ya ujenzi nchini humo.

Ofisi ya Taifa ya Viwango ilichunguza, ikahitimisha kwamba sababu yenye uwezekano mkubwa ni kwamba ganda lilibebeshwa mizigo ya ujenzi kabla zege la duara la 28 halijapata nguvu ya kutosha. Mamlaka ya usalama ililalamikia pia bolti zilizokosekana na kuwapo kwa ngazi moja tu ya kutokea. Mashauri yalimalizwa kwa makubaliano ya malipo ya jumla ya dola 85,500. Likigawanywa kwa 51, fungu hilo ni chini ya dola 1,700 kwa kila mtu. Hakuna aliyeshtakiwa kwa jinai.

Katika Willow Island hakuna anayeweza kuuliza kuhusu kofia. Mkanda wa usalama, ambao kanuni zinauhimiza na ambao kwa hakika umeokoa maisha mengi mahali pengine, ungewafunga watu hao kwenye jukwaa lililokuwa likianguka. Swali lililopaswa kuulizwa alfajiri ya siku ile lilikuwa dogo na la kiufundi: zege la jana limefikia nguvu gani? Lingejibiwa kwa kuponda sampuli zilizohifadhiwa katika baridi ileile. Ratiba ya duara moja kwa siku ilikuwa imekwisha kulijibu kabla halijaulizwa.

6.0 Ukaguzi na Kumbukumbu Zake

Kanuni za Marekani zinazotumika leo zinataka jukwaa libebe uzito wake na mara nne ya mzigo mkubwa unaokusudiwa kuwekwa juu yake. Zinataka pia mtu mwenye ujuzi alikague kabla ya kila zamu, na baada ya jambo lolote linaloweza kuathiri uimara wake. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2005 zinataka jukwaa la ujenzi ambalo mtu anaweza kuanguka kutoka kwake mita 2 au zaidi likaguliwe angalau kila siku 7, na taarifa iandikwe. Taarifa hiyo hutunzwa mpaka ujenzi umalizike na miezi 3 baadaye.

Kipindi hicho cha miezi 3 kina maana kwa mtafiti kuliko kwa mkaguzi. Baada ya hapo karatasi inaweza kutupwa, na hutupwa. Majalada yanayobaki kwenye nyaraka ni ya majukwaa yaliyoanguka: kuna michoro ya vishikio vya Golden Gate na vipimo vya zege la Willow Island kwa sababu watu 61 walikufa. Kuhusu mtu aliyekagua jukwaa fulani asubuhi fulani, akaona bolti imelegea, akawaambia mafundi wasubiri chini hadi ikazwe, hakuna jalada. Makala haya yameandikwa kutokana na nyaraka za aina ya kwanza. Ili kumwandika mtu wa aina ya pili, mtafiti atalazimika kwenda kwa mafundi wenyewe, na kuanza na waliokwisha kustaafu.